Wakala Aliyeficha Vitabu

Wakala alikuwa na kitambaa chekundu cha flana ambacho hakukitumia kwa kazi yoyote ila kupangusa gari jipya mbele ya mnunuzi. Alianza na boneti, akazunguka taratibu hadi nyuma, akirudia mara mbili mahali ambapo hapakuwa na vumbi hata chembe. Mnunuzi alikitazama kitambaa, na akikitazama kitambaa hatazami kitu kingine. Nilikuwa fundi wake kwa miaka tisa, na nadhani katika miaka hiyo kitambaa kile kilifanya kazi kubwa kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani kidogo gari jipya likionekana Kyela, watu walijua ni la serikali, la chama au la hospitali. Halafu ghafla mkulima wa Ipyana aliyeuza kakao yake alikuwa anashuka mjini na hamu ya pikapu kichwani. Wakala aliiona hamu hiyo kabla yetu sote. Akazungushia uwanja wake waya kwenye barabara ya kwenda Kasumulu, akamwaga kifusi, akaweka zege juu ya mtaro wa maji ya mvua ili magari yapite, na akapaka kibao kwa maandishi ya bluu: MAGARI MAPYA TU.

Mtaro ule ndio uliokuwa mahakama yake. Alikuwa na msemo ambao watoto wa jirani waliukariri: "Gari likishavuka mtaro, limekuwa mwanao." Mnunuzi aliusikia kama baraka. Aliondoka anacheka, akipungiwa mkono. Akirudi wiki ya pili kusema gari linavuta upande mmoja, Wakala humsikiliza kwa adabu zote, humletea kiti, humuuliza habari za nyumbani, kisha huuliza: "Mtoto wako akiugua, unamrudisha kwa mkunga?"

Na watu waliondoka. Hilo ndilo lililonishangaza. Waliondoka kana kwamba wamejibiwa.

Kila gari jipya lilikuja na kitabu cha maelekezo ndani ya mfuko wa plastiki, na ndani ya kitabu kulikuwa na kadi ya waranti ambayo muuzaji anapaswa kuijaza, kuipiga muhuri na kuituma kwa waliotengeneza. Vitabu hivyo mnunuzi hakuviona. Gari likishushwa tu, Wakala alifungua kasha la mbele mwenyewe, akatoa mfuko, akauweka kwenye kabati la chuma ofisini. Nilipomuuliza mara ya kwanza alisema wakulima watavifungia tumbaku. Nilipomuuliza mara ya pili alisema ukweli. "Fundi, mteja akisoma sana hupata ugonjwa wa maswali."

Kulikuwa pia na fomu ya ukaguzi. Kabla ya kumkabidhi mtu gari, fundi alipaswa kupima breki, kukaza nati za magurudumu, kuangalia taa, betri, mafuta ya gia, kuliendesha kwanza yeye mwenyewe, halafu kuweka alama mbele ya kila kitu na kusaini chini. Wakala aliniletea fomu zikiwa na alama tayari. Wino wake ulikuwa mzito, na alama zilikaa kwa mpangilio ule ule, kama mtu anayepanda mpunga kwenye mstari. Mimi nilisaini. Nasema hivi mapema ili msomaji asinifanye mtu mwema katika habari hii. Nilikuwa na kazi mjini, nilikuwa navaa ovaroli safi, watu waliniita Fundi kwa heshima, na kalamu ilikuwa nyepesi.

Lakini ungeliona gari lake mwenyewe. Lilikuwa pikapu ya kijivu, na aliitunza kama jicho. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua boneti, akapima oili, akafuta kijiti, akapima tena. Kitabu cha gari hilo hakikukaa kabatini. Kilikuwa mezani kwake kimevalishwa karatasi ya kaki, na pembeni mwa kurasa alikuwa ameandika tarehe kwa penseli. Alivaa miwani akakisoma, huku midomo ikicheza. Tairi zikipungua upepo kidogo alijua kwa kuzigusa. Mtu asikwambie kwamba hakujua wajibu wa muuzaji wala wa mwenye gari. Aliujua wote kwa moyo, ukurasa kwa ukurasa, na aliuweka kwa matumizi yake binafsi.

Na kuna jambo moja linaloniharibia dharau yangu, nalo nitalisema. Mvua kubwa za masika moja, mto ulipofurika upande wa Ikolo, mwanamke mmoja alishikwa na uchungu na hakuna mwenye gari aliyekubali kuingia kwenye matope. Wakala alikwenda. Hakumtuma dereva, alikwenda mwenyewe na pikapu yake ya kijivu, akarudi na mama yule akiwa amezalia kwenye kiti cha mbele. Kiti kililoa damu. Alikiosha kwa mikono yake mchana kutwa, hakunung'unika, na hakutaka hata kusikia ndaga, yaani asante, ya wazazi wa yule mama. Nilifikiri sana juu ya hilo. Mwisho niliona kwamba Wakala alikuwa mwema kabisa kwa mtu yeyote asiyewahi kununua kitu kwake.

Wanunuzi wenyewe pia, Mungu awasamehe. Mwalimu mmoja wa Mwaya aliacha plastiki kwenye viti kwa miaka miwili, akaendesha huku jasho linamtiririka mgongoni, ila oili hakuibadilisha hata mara moja. Nilipomuuliza alisema bado ni nyeusi vizuri, haijachuja. Mwingine alipakia magunia ya mpunga hadi pikapu ikainua pua kama mbwa anayenusa, kisha akaja kulalamika kwamba springi za siku hizi ni laini. Ukimwambia mtu kwamba gari jipya linataka lirudi kukazwa nati baada ya safari ya kwanza, anakuangalia kama umemtukania ukoo. Wakala aliwapenda watu hao. Uzembe wao ulifunika wake, na kila gari lililokufa mapema lilikuwa na washitakiwa wawili wanaosingiziana.

Hali ilikuwa hivyo mpaka alipokuja Mama wa Vitenge.

Alikuwa mfanyabiashara mwenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe, nje ya mpaka, kaka yake akiwa na duka Karonga. Kwa miaka mingi alizunguka na vitenge kwenye magulio, leo Ipyana, kesho Ikolo, keshokutwa Matema kwenye gulio la vyungu. Alilala juu ya marobota yake, kwenye vibaraza vya watu, na mbu wa ziwani anawajua mwenyewe aliyelala nao. Siku moja pale Matema aliwakuta Wazungu wawili, mume na mke, wamelala ndani ya gari lao. Walimruhusu achungulie. Aliona kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati za kufunga na kuning'iniza nguo, na pazia dirishani. Aliniambia baadaye kwamba hakutamani kitu kingine maishani kama alivyotamani lile pazia.

Akaja uwanjani kwetu akaeleza. Wakala hakuwahi kuuza gari la namna hiyo, na sidhani kama aliwahi kuliona. Alisema ndiyo kabla mama hajamaliza sentensi.

Gari lilichukua miezi mingi kufika. Lilipoteremka mteremko wa Tukuyu na kuingia Kyela, watu waliacha shughuli. Lilikuwa jeupe, jipya kabisa, halijawahi kulaza mtu, na mji ukalibatiza Kanyumba siku hiyo hiyo. Mama wa Vitenge alivaa kitenge kipya akaja na wanawake wenzake wakiimba. Wakala akatoa flana. Akapangusa boneti, milango, akapangusa hata sinki. Akamwonesha swichi ya taa, akaiwasha na kuizima mara tatu, wanawake wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa nimeshasaini. Fomu ile ilikuwa ndefu kuliko nyingine, kwa sababu nyumba nayo ina ukaguzi wake: mpira wa gesi, koki ya mtungi, bomba la maji, tundu la hewa juu ya jiko. Alama zote zilikuwepo, nzito, zimenyooka. Nilimwambia Wakala kwamba gesi siijui vizuri, nipewe kitabu nisome kwanza. Akasema watu wanasubiri. Na kweli walikuwa wanasubiri, na walikuwa wanaimba.

Wiki ya tatu, asubuhi ya mvua pale Ikolo, Mama wa Vitenge alifunga madirisha ili vitenge visilowe, akafungua koki ya mtungi, akatafuta kiberiti. Hakuna aliyemwambia aache dirisha wazi anapopika. Hakuna aliyemwambia harufu ya gesi ikoje. Alidhani ni harufu ya gari jipya. Moto uliruka kutoka nyuma ya jiko, ukashika pazia, ukashika mkono wake wa kulia alipojaribu kulivuta. Wanaume waliokuwa wanashusha ndizi walimtoa kupitia mlango wa nyuma, na mmoja mwenye akili akaufunga mtungi kwa nje. Gari halikuungua. Mkono uliungua kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko.

Alikaa hospitali muda mrefu. Wakala alikwenda kumwona mara moja, akapeleka machungwa. Nilikwenda naye. Alimpa pole kwa sauti nzuri sana, akasema gesi ni kitu cha kuheshimiwa, na tulipotoka akaniambia nisizungumze na watu.

Alipopona kiasi alikuja na Kanyumba, dereva wake akaliegesha barabarani, naye akaingia uwanjani na kaka yake wa Karonga, mtu mpole mwenye kofia ya pama. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji na vidole vimejikunja. Alisalimia, mwagonile, akakaa. Hakupiga kelele. Alitaka jiko litengenezwe, na alitaka kujua kosa lilikuwa la nani.

Wakala alifungua kabati la chuma. Akatoa kitabu cha Kanyumba, kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, akaupasua mfuko mbele yetu, akavaa miwani na kusoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mwenye gari atalirudisha kwa muuzaji kwa matengenezo ya kwanza baada ya kilomita elfu moja. Mwenye gari atapima mpira wa gesi kila mwezi. Mwenye gari ataacha hewa ipite anapowasha jiko. Mwenye gari asipofanya hayo, waranti imekufa. Akavua miwani kwa huzuni.

Mama wa Vitenge alikinyooshea kile kitabu kidole cha mkono mzima.

"Kitabu hicho ni cha nani?" akauliza.

"Cha gari lako."

"Na kilikuwa kinafanya nini kabatini kwako?"

Wakala akasema kilihifadhiwa. Kaka mtu akaomba akione, akasoma Kiingereza taratibu kwa kidole, akafika mahali palipoandikwa wajibu wa muuzaji, ambapo Wakala aliparuka. Muuzaji atapima. Muuzaji ataonesha. Muuzaji atajaza kadi. Akaitoa kadi, ilikuwa tupu.

"Ukaguzi ulifanyika," Wakala akasema haraka. "Fundi alisaini."

Mama akanigeukia. Alikuwa na macho ya mtu anayeuliza njia, hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda.

"Fundi, ulipima?"

"Nilisaini," nikasema. "Sikupima."

Nasikia watu wakisimulia kana kwamba nilifanya ushujaa. Ushujaa ungekuwa wiki tatu kabla ya moto. Wakala alinitazama kama mtu aliyeumwa na mbuzi wake, akasema gari lilishavuka mtaro, na akawatakia safari njema.

Mama wa Vitenge alitoka, akamwambia dereva wake arudishe gari nyuma. Kanyumba likarudi, likapanda lile zege juu ya mtaro, na likasimama hapo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa uwanjani kwa Wakala, ya mbele yalikuwa upande wa barabara. Dereva akazima injini akampa ufunguo. Mama akashusha jiko la mkaa, akatandika mkeka, akaanza kupika wali na samaki mbasa kwa mkono mmoja.

"Limevuka au halijavuka?" alimuuliza Wakala kutoka mkekani. "Likae hapo mpaka tujue."

Alikaa siku kumi na nane. Hakuna gari lililoweza kuingia wala kutoka. Polisi aliitwa, akafika, akakagua karatasi za gari zikawa safi, akakuta mtaro ni wa halmashauri na zege halina kibali, akala wali, akaondoka. Wanawake wa magulio wakahamia kando yake na mafungu ya ndizi na dagaa. Vitenge vilivyonusurika alivitundika kwenye waya wa Wakala, na viliuzika kuliko alivyowahi kuuza Ikolo.

Kila aliyekuja kuuliza gari alipita kwake kwanza. Hakumsema vibaya Wakala hata kidogo. Aliwakaribisha kukaa, akawaonesha mkono, kisha akawafundisha. Kitabu alichopewa na kaka yake, ambacho siku ile hakikurudi kabatini, alikuwa anasomewa kila jioni na binti yake, naye alikishika chote. Uliza kadi imejazwa na kupigwa muhuri. Uliza kitabu kabla hujatoa chochote. Hesabu jeki, spana na tairi la akiba. Mwambie aliendeshe mkiwa pamoja, mpaka Kasumulu na kurudi, halafu shika gurudumu uone kama limechemka. Na wewe, alikuwa anawaambia akiwanyooshea kijiko, wewe nawe una kazi yako. Utapima oili. Utarudi likafanyiwe matengenezo ya kwanza. Usije ukaua gari kwa uvivu ukamsingizia mtu. Mwalimu wa Mwaya alipita siku moja akasikia hayo, akavuka kwenda upande wa pili wa barabara.

Kilichomvunja Wakala kilikuwa mzee mmoja wa Ipyana, mkulima wa kakao, aliyetaka pikapu. Alikaa na Mama wa Vitenge asubuhi nzima, kisha akaingia kwa miguu kupitia kando ya Kanyumba na kudai kila kitu kwa utaratibu ule ule. Wakala akatoa flana. Mzee akamwomba aiweke mfukoni, inamkinga asione. Akadai kitabu. Akadai tairi la akiba, ambalo lilikuwa limeshauzwa kwa mtu mwingine. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipoondoka bila gari, akisema atakwenda Mbeya kutafuta mtu anayeuza gari zima.

Kesho yake Wakala aliniambia nipime jiko la Kanyumba. Nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kama kitabu kilivyoagiza. Povu likachemka pale mpira unapoungana na jiko. Kibano hakikuwahi kukazwa. Kilitaka mizunguko miwili ya bisibisi. Nilimwita Mama wa Vitenge aone. Alitazama mapovu yale yakipasuka. Wakala naye alikuja kutazama, akasema kiwandani siku hizi wanafanya kazi ovyo.

Hata hivyo aliagiza jiko jipya na pazia. Akaijaza kadi kwa ule wino wake mzito. Na siku nzima alikaa ndani ya Kanyumba na miwani yake, akisoma kitabu kwa sauti kutoka jalada mpaka jalada, akionesha kila koki, huku Mama wa Vitenge akiifanya kila kazi mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kumrudisha nyuma aliporuka mstari. Ilipofika jioni Wakala alisaini, dereva akawasha gari, zege likabaki wazi. Wakala alimpungia mkono. Halafu akaniambia Jumatatu nisije.

Nilimwona Wakala kwa mara ya mwisho miaka mingi baadaye, msibani kwa Mama wa Vitenge, huko kwao karibu na Mwaya. Marehemu alikuwa ameugua kifua, ugonjwa wa wazee. Uwanja wa magari ulikuwa umekufa zamani, mahali pake kuna mashine ya kukoboa mpunga. Wakala alikuja na fimbo, macho yamefifia, suti yake ya kijivu imemzidi mwili. Wakati wa salamu za rambirambi alisimama bila kuitwa. Akasema marehemu alikuwa mteja wake. Akasema yeye ndiye aliyeleta gari la kwanza la aina ile wilaya nzima, na ndiye aliyekaa na marehemu kutwa nzima kumfundisha kulitunza, ndiyo maana lilidumu. Watu waliinamisha vichwa, wengine kwa adabu, wengine wakificha vicheko. Binti wa marehemu alimwacha amalize.

"Tumekusikia, baba," akasema. "Kaa sasa."

Baada ya chakula Wakala aliniita. Sijui alinijua kwa sauti au kwa namna gani. Aliniomba nimsindikize hadi barabarani, maana njia ilikuwa na matuta ya mpunga naye haioni vizuri. Nikamshika kiwiko. Aliuliza kama alisema vizuri, nikamwambia alisema kama siku zote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Tulipofika katikati ya tuta akasimama.

"Ule mkono wake," akasema. "Si ulipona?"

Nikamwambia haukupona. Vidole havikunyooka tena. Miaka yote ile alishona, akapika, akakunja vitenge na kushika usukani, alipojifunza kuendesha, kwa mkono wa kushoto.

"Mimi nilisikia ulipona."

"Ulisikia kwa nani?"

Alifikiri kama mtu anayeingia ghalani kutafuta kitu na kukuta sakafu tupu. Maji ya mpunga yalikuwa pande zote mbili, na fimbo yake ilikuwa inazama kidogo kidogo kwenye tope bila yeye kuiona.

"Hakuna aliyeniambia," akasema.

Sikuwa na jambo la kumpoza, na kama ningekuwa nalo nisingempa. Niliing'oa fimbo kwenye tope, nikamrudishia mkononi, nikamwonesha mahali pa kukanyaga.